Namna ya Kuandika Onyo la Joto Kali Ambalo Watu wa Mwanza Watalifuata

Kila mwaka, kabla vuli haijakolea, jumbe zilezile hurudi: "Tunza mazingira yakutunze", "Tabianchi inabadilika, chukua hatua". Watu wanazisoma, wanaitikia kwa kichwa, kisha mama wa dagaa anarudi kwenye chanja ya kuanikia saa 7 mchana bila tone la maji pembeni yake, na watoto wa shule wanatolewa nje kwa mazoezi jua likiwa utosini. Ujumbe umefika na hakuna kilichobadilika.

Mwongozo huu ni wa walimu wa klabu za mazingira, watangazaji wa redio, viongozi wa BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni), wahudumu wa afya ya jamii na yeyote anayeandika tangazo, makala au barua kuhusu joto na tabianchi, akaona halifanyi kazi.

Kasoro kubwa ni moja: joto halina picha. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipojaa kuliko kawaida, kila mtu aliona maji yakimeza fukwe, na hapakuhitajika maneno mengi. Joto linamwangusha mtu kimyakimya ndani ya chumba cha bati, na jioni akiulizwa anasema "homa". Kazi yako ni kulitoa joto mafichoni: liwe na saa yake, paa lake, mwili wa mtu linayemshika, na tendo moja ambalo mtu huyo anaweza kulifanya leo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Vipimajoto viwili vya chumba vinavyosoma hadi nyuzi 50 au zaidi. Kimoja kiwe na ncha iliyo wazi, inayoweza kufungwa kitambaa. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kusoma joto la mwili tu, takriban nyuzi 35 hadi 42.
- Kipande cha kitambaa cha pamba cheupe, uzi, na kikombe cha maji safi.
- Daftari, kalamu na saa.
- Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wa siku zote utakazopima.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Watu watatu wa kukusikiliza ukisoma, wasio walimu wala wanaharakati.
- Siku 10. Anayeandika usiku mmoja ili bango litundikwe kesho hurudia maneno ya mabango ya mwaka jana.

## Hatua ya 1: Mchague msomaji mmoja na saa yake moja

"Wananchi" si msomaji. Mama anayeanika dagaa Igombe, kijana anayegonga kokoto mlimani, dereva wa bodaboda Buzuruga na bibi anayeshinda na wajukuu kwenye chumba cha bati Mabatini wanashikwa na joto tofauti, kwa saa tofauti. Upepo wa ziwani humpoza kidogo mama wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, alasiri, lakini mchanga na maji humrudishia mwanga wa jua usoni. Bibi hakai juani kabisa. Yeye anapikwa na paa. Na miamba inayolipa jiji letu sura yake hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku, ndiyo maana nyumba zilizobanana mlimani huchelewa kupoa.

Andika sentensi hii na ujaze mapengo: "Namwandikia ___, ambaye saa ___ huwa ___ akifanya ___." Ikikushinda, hujamtazama vya kutosha. Nenda ukakae naye saa moja.

Kuhusu saa, hapa wengi hukosea. Saa za nchi yetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo hata Dar es Salaam haiifikii. Mwanza iko karibu na nyuzi 33, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua letu hufika utosini kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, si saa 6 kamili. Joto la hewa hufikia kilele baadaye zaidi, mara nyingi saa 8 au 9. Tangazo linalosema "pumzika saa 5 hadi saa 7" linamrudisha mtu kazini wakati mbaya kuliko wote. Tena, kwa kuwa tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta, jua hupita sawasawa juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi. Siku hizo kivuli cha mtu aliyesimama wima hujikusanya miguuni pake. Hiyo ni picha unayoweza kuiandika, na kila msomaji anaweza kutoka nje akaihakiki.

## Hatua ya 2: Pima, usikisie

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayobeba andiko zima. Msomaji akisikia redioni kuwa Mwanza leo ni nyuzi 29, wakati yeye anatokwa jasho hadi viganjani, anaona watabiri hawajui kitu. Wanajua. Joto la TMA hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya eneo la wazi. Ni joto la hewa. Si joto la chini ya bati lake. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo habari yako.

Pima hivi:

1. Chagua sehemu tatu: chini ya mti wenye kivuli kizito, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, na mahali msomaji wako anapofanyia kazi.
2. Tundika kipimajoto kwa kamba, usawa wa kifua, kisiguse ukuta wala bati. Kikiguswa na jua moja kwa moja kitapima jua linavyochoma kioo, si hewa. Mahali pa kazi pakiwa juani, kikinge kwa kipande cha boksi kilichoachana nacho kwa kiganja kimoja, hewa ipite.
3. Subiri dakika 15. Kisha soma bila kukishika ncha wala kukipumulia.
4. Rudia saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, kwa siku 7. Namba ya usiku usiiache. Mwili unaofanya kazi juani unahitaji usiku wa kupoa, na chumba kisichopoa huujaza mtu uchovu wa jana juu ya joto la leo.
5. Andika pembeni kilichokuwa kikitokea: mawingu, upepo, mlango wazi au umefungwa, watu wangapi ndani.

Baada ya hapo fanya kipimo cha kitambaa, kwa maana ndicho kinachoeleza fukuto. Funga ncha ya kipimajoto cha pili kwa kitambaa cha pamba, kiloweshe, kisha kipepee kwa kipande cha boksi kwa dakika 3 hadi 5 hadi namba itulie. Itashuka chini ya ile ya kipimajoto kikavu, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Ngozi yenye jasho hupoa kwa njia hiyohiyo. Tofauti ikiwa kubwa, jasho linafanya kazi. Ikiwa ni nyuzi 2 au 3 tu, hewa imeshiba unyevu, na jasho linatiririka bila kukauka: mtu anapoteza maji na hapoi. Kipimo cha kitambaa kibichi kikifika nyuzi 35, hata mtu mzima mwenye afya njema aliyekaa kivulini hawezi tena kujipoza kwa jasho. Anayebeba ndoo au kugonga kokoto huwa hatarini kabla namba haijafika huko.

Fanya kipimo hiki mbele ya watu. Mama aliyekiona kitambaa kibichi kikishusha namba kwa macho yake haambiwi tena kwa nini alowanishe khanga na kuiweka shingoni.

Umefaulu ukiwa na jedwali la mistari 21 (siku 7, mara 3), kila mstari na namba za sehemu zako tatu, na namba moja iliyokushtua wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo utakayoitumia. Moja, si zote 63. Na iandike kama ilivyo, pamoja na tarehe na mahali. Ukiongeza nyuzi 2 ili inoge, siku mtu atakapopima na kukuta uongo, hata ukweli wako hautasikilizwa.

## Hatua ya 3: Safisha maneno kabla hayajakuponza

Maneno manne huharibu maandiko mengi ya joto kwa Kiswahili.

Joto. Mtu wa kwetu akisema "mtoto ana joto", anamaanisha homa. Ukiandika "joto kali linaweza kuua", msomaji anaweza kudhani unazungumzia malaria. Andika "joto la jua", "joto la chumba cha bati", "fukuto".

Kiharusi cha joto. Jina hili linaanza kuzoeleka katika habari, lakini msomaji akisikia kiharusi anamwona mtu aliyepooza upande mmoja. Andika "kuzidiwa na joto hadi akili kuvurugika", halafu jina la kitaalamu ukitaka, mara moja tu.

Tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa wa miaka mingi, kwa kawaida 30 au zaidi. Alasiri moja yenye joto si mabadiliko ya tabianchi, kama vile asubuhi moja yenye baridi haiyakanushi. Neno hili lisitokee kabla ya nusu ya andiko lako.

Tabaka la ozoni. Lifute. Linarudiwa shuleni na kwenye majukwaa kila siku, nalo ni kosa. Tabaka la ozoni huchuja miale inayounguza ngozi na macho. Dunia inapata joto kwa sababu nyingine: hewa ukaa na gesi nyingine zinazonasa joto, hasa kutokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kiasi kidogo kukata misitu. Msomaji mmoja anayejua tofauti akiona kosa hili, anaacha kuyaamini mengine yote uliyoandika.

## Hatua ya 4: Andika sentensi ya kwanza kwa mwili

Mwanzo unaokosea ni huu, na utaukuta umebandikwa ukutani kwenye ofisi nyingi:

"Mabadiliko ya tabianchi ni janga la kidunia linalotishia mustakabali wa sayari yetu na vizazi vijavyo."

Hakuna mtu ndani yake. Hakuna saa. Msomaji hana mahali pa kusimama. Linganisha na huu:

"Saa 8 mchana, mama anayegeuza dagaa hurudi kivulini na khanga imelowa mgongoni, lakini midomo imemkauka."

Sentensi ya pili haijatisha wala haijafundisha. Imemwonyesha msomaji kitu alichokiona jana, kisha ikampa mashaka: mgongo umelowa, midomo imekauka, maji yameenda wapi? Anasoma mbele kujua. Andika mianzo mitano ya namna hii, chagua mmoja. Kila mwanzo uwe na kitu cha kushikika: khanga, sufuria, ndoo, mpini wa nyundo, kiti cha pikipiki kisichokalika.

Dubu wa barafu ya ncha ya dunia waachie wenye barafu. Mifano ya mbali ina kazi yake, ila si hapa mwanzoni.

## Hatua ya 5: Eleza hatari kwa mpangilio wa mwili unavyoshindwa

Usiandike "madhara ya kiafya". Fuata mwili hatua kwa hatua, ili msomaji ajue yuko wapi.

Kwanza mwili unapambana: jasho jingi, kiu, mkojo kuwa wa njano iliyokolea, misuli kukaza. Kisha unachoka: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio, miguu kulegea. Mwishowe unashindwa: joto la ndani linapanda kupita nyuzi 40, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi, anaanguka, au anapata degedege. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini aliyekuwa akifanya kazi ngumu huweza kuwa bado anatokwa jasho. Kwa hiyo usiandike "jasho likikauka ndipo hatari". Kipimo cha hatari ni akili: mtu aliyekuwa juani akianza kujibu hovyo, hiyo ni dharura.

Hapa pana jambo la kwetu linalohitaji aya yake katika kila andiko. Kandokando ya ziwa malaria ni ya kila siku, kwa hiyo mwili ukichemka, mkono unakwenda kwenye dawa ya kushusha homa. Dawa hizo hazishushi joto la jua. Katika homa, mwili wenyewe umepandisha kiwango chake kupambana na ugonjwa, na dawa hukishusha kiwango hicho. Aliyezidiwa na joto hajapandisha kitu. Ameshindwa kutoa joto nje. Anahitaji maji na upepo mwilini, mara moja. Lakini usimwandikie msomaji "si malaria". Hujui, na yeye hajui. Andika: "Mpoze kwanza, mpeleke zahanati, akapimwe huko." Maneno hayo yanafaa kwa vyovyote itakavyokuwa.

Huduma ya kwanza iandike kwa vitenzi vifupi: mtoe juani, mlegeze nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kuacha, kama kuna barafu, ifunge kitambaa uiweke shingoni, makwapani na kwenye mapaja karibu na kinena, akiwa hajitambui mlaze ubavu, usimnyweshe kitu, ita usafiri huku unaendelea kumpoza. Sisitiza hilo la mwisho. Watu huacha kupoza ili kutafuta bajaji, na dakika hizo ndizo zenye thamani.

## Hatua ya 6: Mpe tendo linalowezekana kwenye kazi yake

Hofu bila njia ya kutokea humfanya mtu afumbe macho. Ukimtisha na usimpe la kufanya, atajitetea kwa kusema "jua tumezaliwa nalo". Kwa kila mstari wa hatari weka mstari wa tendo, na tendo liwe limepimwa.

"Kunywa maji mengi" si tendo. Kwa mtu anayefanya kazi ngumu kwenye joto, kiasi ni robo lita (kikombe kimoja cha chai) kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu. Hiyo ni karibu lita moja kwa saa, na isifike lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu. Sasa likate jambo kwa kipimo cha mwaloni: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri ni saa 5, basi dumu la lita 5 kwa kila mtu. Dumu linaonekana. Saa 9 likiwa bado limejaa nusu, mwenyewe anajua.

Aliyetokwa jasho muda mrefu na kuanza kukaza misuli anafaa kupata maji ya chumvi na sukari: pakiti moja ya ORS kwa lita 1 ya maji salama, au vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita 1. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Wagonjwa wa moyo, figo na shinikizo la damu waambie wamuulize mhudumu wa afya kuhusu kiasi chao.

Kisha jiulize kwa nini hajafanya hivyo tayari. Swali hili huokoa maandiko. Kina mama wengi wa sokoni na mwaloni hawanywi maji kwa sababu choo kiko mbali, kinalipiwa, au hakina mlango. Mwanamke anayehesabu mara za kwenda chooni hatashawishika na sentensi nzuri. Anayelipwa kwa ndoo hatakaa kivulini kwa sababu bango limemwambia. Na dagaa wanalihitaji jua hilohilo unalomwambia alikimbie. Hivyo usiandike "epuka jua". Andika zamu: wawili wanageuza, wawili kivulini, wanabadilishana kila nusu saa. Andika turubai moja kila mwisho wa safu ya chanja. Andika pia kwamba dagaa walioanikwa kwenye chanja iliyoinuliwa, upepo ukipita juu na chini, hukauka upesi na bila mchanga, basi na saa za kushinda juani zinapungua. Ukiunganisha afya yake na bei ya dagaa wake, umeongea lugha yake.

Onyo la ziwani: usimwandikie mtu "jimwagie maji ya ziwa" wala "watoto wakaogelee". Maji ya ufukweni yana kichocho, na kunywa bila kuchemsha au kutibu huleta kipindupindu na homa ya matumbo. Ya kujipoza yawe ya bomba, au ya ziwa yaliyokaa ndooni siku 2 nzima, muda ambao vimelea vya kichocho huwa vimekufa. Ila mtu akiwa ameanguka na hakuna mengine, maji yoyote yaliyo karibu yatumike kumpoza.

Kwa bibi wa Mabatini, matendo ni mengine: kuhamia chini ya mti au kibarazani saa 7 hadi 10, kufungua pande mbili upepo upite, khanga mbichi shingoni, jirani kumgongea mlango mara mbili kwa siku. Kupaka paa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua kabla haijaingia. Familia inayokinga maji ya mvua imuulize kwanza afisa afya kuhusu aina ya rangi.

## Hatua ya 7: Sasa lete tabianchi, kwa sentensi nne

Msomaji amekwisha kuliona joto, kulielewa na kupewa la kufanya. Hapa ndipo anauliza: mbona linazidi? Jibu lako liwe na namba chache zilizo imara.

Katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko kati ya 1850 na 1900. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, na wa kwanza kupita ongezeko la nyuzi 1.5 juu ya kipindi hicho cha zamani. Chanzo kikuu ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa hiyo.

Namba hiyo ya mwisho isikupite. Maandiko mengi humlaumu mama wa kuni na muuza mkaa kana kwamba wao ndio walioipasha dunia moto. Ni uonevu, na pia si kweli. Anayelaumiwa hufunga masikio.

Hata hivyo, usiitupe kila digrii kwa wenye viwanda. Jiji lina joto lake lenyewe: miti iliyokatwa, mabati yasiyo na dari, lami, nyumba zilizobanana bila njia ya upepo. Tenganisha vyanzo hivyo viwili katika aya mbili. Cha kwanza kinahitaji serikali na mataifa. Cha pili kinaweza kuanza na mwembe mmoja uani.

Kuhusu siku moja mahususi, chunga mdomo. "Joto la jana lilisababishwa na tabianchi" ni madai usiyoweza kuyathibitisha. "Siku za namna hii zinakuwa nyingi na kali zaidi dunia inavyopata joto" ni kweli, na inatosha. Ukitaka kusema Mwanza imebadilika kwa kiasi gani, omba takwimu za miaka mingi TMA. Kipimajoto chako cha siku 7 hakiwezi kulijibu swali hilo, na usikilazimishe.

Mfano wa mbali, kama unauhitaji, uwe unaofundisha tendo. Ahmedabad, India, joto la Mei 2010 liliua zaidi ya watu 1,300 kuliko kawaida ya mwezi huo. Mwaka 2013 jiji likawa na mpango wa joto: maonyo ya rangi, wahudumu wa afya waliofunzwa, sehemu za maji, baadaye na mapaa meupe. Karibu zaidi, Sudan Kusini ilifunga shule Machi 2024 kwa sababu ya joto, na tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai Juba. Mfano kama huo humwambia mwalimu mkuu kuwa kubadili ratiba si jambo la ajabu.

## Hatua ya 8: Dai kwa mwenye uwezo

Vikombe vya maji havitoshi ikiwa choo hakuna. Kila andiko liwe na dai moja, kwa mtu mwenye cheo kinachohusika, lenye idadi na tarehe. "Serikali iangalie suala hili" haimgusi mtu. "Tunaiomba kamati ya BMU na mtendaji wa kata waweke matundu 2 ya choo cha wanawake na turubai 4 mwaloni kabla ya tarehe 15 Septemba" inamfanya mtu atafute kalamu. Kwa shule: michezo na usafi wa nje viishe kabla ya saa 4 asubuhi, na chupa ya maji iruhusiwe darasani.

Heshima iwepo. Mwenyekiti anayeshambuliwa mbele za watu hujenga ukuta badala ya choo. Mpelekee nakala kabla haijasomwa hadharani.

## Hatua ya 9: Soma kwa sauti

Mfano wa tangazo la sauti, chini ya dakika moja. Namba weka zako:

"Kina mama wa chanja, hamjambo. Jana saa 8 mchana, hapa kwenye chanja, kivulini, tumepima nyuzi ___. Chini ya mwembe wa ofisi, nyuzi ___. Khanga imelowa na midomo imekauka? Mwili unaishiwa maji. Kila mmoja aje na dumu la lita 5, na anywe kikombe kimoja kabla ya kugeuza kila safu. Wawili juani, wawili kivulini, nusu saa kwa nusu saa. Mwenzako akianza kuongea hovyo au kupepesuka, msimpe dawa ya homa mkasubiri. Mtoeni juani, mmwagieni maji, mpepeeni, apelekwe zahanati huku mnampoza. Na wewe mama mwenye ujauzito, zamu yako ya kivuli iwe ndefu."

Wasomee wale watu watatu. Usiwaulize kama wamelipenda. Watasema zuri sana ili wasikuvunje moyo. Kesho yake waulize: Dumu la lita ngapi? Zamu ya juani ni ya muda gani? Mwenzako akiongea hovyo unafanya nini kwanza? Wakijibu mawili kati ya matatu, andiko limefika. Wakikosa lilelile wote, kosa ni la sentensi yako: ifupishe au isogeze juu.

Palipo na wazee wanaoongea zaidi Kisukuma, Kijita au Kikerewe, mpe mwenyeji alisimulie upya kwa lugha yake bila kusoma karatasi. Neno kwa neno hupoteza nguvu.

## Hatua ya 10: Litoe kwa wakati wake

Onyo la joto likitolewa wakati wa masika linakuwa mapambo. Litoe wiki ya pili ya Septemba na mapema Februari, kisha rudia asubuhi ya siku ambayo TMA imetabiri jua kali. Mwaloni, saa nzuri ni alfajiri mitumbwi inaporudi na kabla dagaa hawajaanza kupimwa kwa ndoo; wakishaanza hakuna anayesikiliza. Kwa bodaboda, kijiweni kabla ya saa 2 asubuhi. Msikitini na kanisani omba dakika 2 za matangazo. Kwenye makundi ya WhatsApp tuma sauti, maana karatasi iliyopigwa picha haisomeki kwenye kioo kidogo juani.

## Likigoma

Watu wanasema "mababu zetu waliishi na jua hili". Usibishane. Mababu waliishi chini ya nyasi na udongo, nyumba zilizopoa zenyewe. Waonyeshe namba ya chumba cha bati na ya chini ya mti.

Wanasema "ni mapenzi ya Mungu". Muombe shehe au mchungaji asome tangazo yeye. Maneno ya kumnywesha mwenye kiu na kumtazama jirani mgonjwa tayari yako mimbarini.

Wanakunywa maji wiki moja kisha wanaacha. Nenda ukaangalie choo.

Vijana wanasema jua haliwasumbui. Wape jina la mtu wa kumlinda badala ya kuwaambia wajilinde: bibi, mdogo wake, mwenzake wa zamu.

Hujui kama limefanya kazi. Siku 7 baada ya tangazo nenda mwaloni saa 8 mchana ukiwa na daftari lilelile. Hesabu madumu kwenye chanja, hesabu walio kivulini na walio juani, uliza kama kuna aliyeanguka wiki hiyo na alifanyiwa nini. Kama kabla ya tangazo ulikuta madumu 3 na leo 11, andika. Kama bado ni 3, rudi hatua ya 6.